Impela ya pampu ya tope huchaguliwa kwa kuutazama mchanga

MATUMBAWE ya kale ndiyo yaliyoipa Bamburi kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954. Jiwe hilo la chokaa ni laini: katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, hupata 3.

Ng'ambo ya Likoni, katika Kaunti ya Kwale, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye titaniamu tangu 2013 hadi Desemba 2024. Mchanga ulichanganywa na maji, ukasukumwa kwa mabomba hadi mtamboni. Humo mlikuwa na chembe za kwatzi, ambayo hupata 7.

Fundi anayenunua impela aanze na tofauti hiyo, ingawa wengi huanza na bei.

Impela ni gurudumu lenye mapanga linalozunguka ndani ya pampu na kurusha maji kutoka katikati hadi ukingoni. Ya tope huwa na mapanga machache, mara nyingi matatu hadi matano, manene na yaliyoachana ili kokoto zipite. Umbo hilo hula umeme zaidi, lakini hudumu.

Mpira asilia huzihimili vyema chembe ndogo zisizo na makali, kwani hubonyea na kuzirudisha. Maji ya timbo yenye unga mtupu wa chokaa hayausumbui. Kokoto zenye ncha huukata, mafuta huuharibu, na ukingo wa impela ukizidi takriban mita 28 kwa sekunde haufai tena. Hapo huhitajika chuma cha kusubu chenye kromiamu ya karibu asilimia 27, kigumu mno, ila asidi kali hukila.

Kosa la gharama kubwa zaidi huja baadaye. Pampu ikipunguza maji, hubadilishwa puli ili izunguke kwa kasi zaidi. Maji hurudi, lakini kasi ikiongezeka maradufu, ulikaji unaweza kufikia mara 8.

Mara nyingi kilichoharibika ni pengo baina ya impela na bamba la mbele, ambalo limepanuka kwa kulika, na tope huvuja kurudi lilikotoka. Pampu nyingi za aina hii zina skrubu ya kusogeza shafti mbele. Pampu izimwe, skrubu irekebishwe hadi pengo lirudie kipimo cha mtengenezaji, ndipo puli ifikiriwe.