Matone Mawili kwa Kila Mtoto: Wanaojitolea na Vita Dhidi ya Polio Garissa

Wakazi wengi wa Kaunti ya Garissa wamewahi kuwaona wakipita bulla kwa bulla: watu wawili, kijisanduku cha chanjo begani na daftari mkononi. Huuliza ni watoto wangapi wa chini ya miaka mitano wanaoishi pale, humtia kila mmoja matone mawili mdomoni, humpaka wino kidoleni na kuandika alama ya chaki mlangoni kabla ya kuelekea nyumba ya pili. Kwa familia, shughuli hiyo huisha kwa dakika chache. Kwa wanaoifanya, ni siku nzima ya kutembea juani.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilianzia wapi, kwa nini Garissa imejikuta mstari wa mbele, na jinsi wanaoifanya wanavyotambuliwa.

Ugonjwa usio na tiba

Polio husababishwa na virusi vinavyoingia mwilini kupitia mdomo, hasa kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Wanaoathirika zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, lakini takriban mmoja kati ya kila 200 hupooza, mara nyingi miguu, na hali hiyo haibadiliki tena. Kati ya wanaopooza, asilimia 5 hadi 10 hufariki misuli ya kupumua inaposhindwa kufanya kazi.

Ugonjwa huu hauna tiba. Una kinga tu. Kwa kuwa watu wengi hubeba virusi bila kujua, mtoto mmoja anapopooza huwa ni ishara kwamba virusi vimekwisha kuwafikia wengine wengi.

Klabu iliyoanzisha safari

Vita vya kuutokomeza ugonjwa huu duniani vinahusishwa kwa karibu na klabu ya kujitolea. Rotary ilianzishwa mjini Chicago, Marekani, mwaka wa 1905 na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu. Klabu ya Nairobi ilifuata mwaka wa 1930. Wanachama wake ni watu wa kazi za kawaida, wakiwemo wafanyabiashara, walimu, madaktari na wahandisi. Hukutana, huchanga pesa na hutoa muda wao kwa miradi ya jamii kama vile visima, vyoo vya shule, kliniki za macho na ufadhili wa masomo.

Mwaka wa 1985 Rotary ilizindua mradi wa PolioPlus ikiwa na lengo la kuwafikishia chanjo watoto wote duniani. Miaka mitatu baadaye, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani waliungana na Rotary katika mpango wa pamoja. Wakati huo, mwaka wa 1988, polio ilikadiriwa kupooza watoto 350,000 kila mwaka katika nchi 125. Tangu hapo visa vya virusi vya asili vimepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Tarehe 25 Agosti 2020, kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru dhidi ya virusi hivyo.

Wanachama wa Rotary wamechangia zaidi ya dola bilioni mbili kwa kazi hiyo. Hata hivyo, pesa hazibishi hodi. Kila dozi iliyonunuliwa ilihitaji mtu wa kuibeba hadi mlangoni, anayezungumza lugha ya nyumba hiyo na kuaminiwa na mama wa mtoto.

Kwa nini Garissa

Kenya ilikuwa imekaa miaka 22 bila kisa cha polio kabla ya Oktoba 2006, mtoto alipothibitishwa kuugua katika kambi ya Hagadera. Mwaka wa 2013 virusi vilirejea na kuzuka eneo la Dadaab, na visa 14 vikaripotiwa nchini mwaka huo. Katika nchi jirani ya Somalia, mlipuko huo ulipooza watu zaidi ya 190. Kisha mwaka wa 2023 visa vingine vilithibitishwa Hagadera, kaunti ndogo ya Fafi, na mwezi wa Agosti kampeni ya chanjo ikafanyika Garissa na kaunti nyingine zilizokuwa hatarini.

Sababu si uzembe wa wakazi. Kaunti hii ina watu zaidi ya 840,000 kwa mujibu wa sensa ya 2019, waliotawanyika katika eneo kubwa lenye barabara chache. Inapakana na Somalia, ambako vita vimeacha watoto wengi bila chanjo. Ndani yake mna kambi za Dagahaley, Ifo na Hagadera, na familia za wafugaji huhama kufuata maji na malisho. Mtoto aliyehesabiwa Balambala mwezi huu anaweza kuwa Lagdera mwezi ujao.

Visa vya 2023 vinahitaji ufafanuzi zaidi, kwa kuwa vilizua maswali kwa wazazi. Havikutokana na virusi vya asili. Chanjo ya matone ina virusi vilivyodhoofishwa, ambavyo mtoto aliyechanjwa hutoa kupitia haja kubwa kwa muda mfupi. Kwa kawaida havimdhuru mtu. Lakini mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, vinaweza kuzunguka kwa muda mrefu na kubadilika polepole hadi vikapata tena nguvu ya kupooza. Havipati nafasi hiyo pale ambapo watoto karibu wote wamechanjwa. Kwa hiyo kinga dhidi ya aina zote mbili ni ile ile: kutoacha nyuma mtoto hata mmoja.

Kazi ambayo ikifaulu haionekani

Hapa ndipo suala la kuwatambua wanaojitolea linapokuwa na uzito. Anayechimba kisima huacha maji, na anayejenga darasa huacha ukuta ambao kila mtu anauona. Anayechanja akifanya kazi yake vizuri, matokeo yake ni mtoto anayekimbia na wenzake kama mtoto mwingine yeyote. Hakuna anayejua ni nani angepooza, kwa hiyo hakuna anayerudi kutoa shukrani.

Rotary ina desturi yake ya kushukuru. Inayojulikana zaidi ni heshima iliyopewa jina la Paul Harris, anayotunukiwa mtu aliyechangia dola 1,000 kwa mfuko wa Rotary, au ambaye wengine wamechangia kwa jina lake. Klabu nyingi hutumia njia hiyo ya pili kumheshimu raia mwema ambaye si mwanachama. Umoja wa Mataifa nao umetenga tarehe 5 Desemba kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea.

Vyeti na siku maalum vina thamani yake, lakini havilipi nauli wala havinunui viatu. Nchini Kenya, waliokuwa wakiitwa wahudumu wa afya ya jamii wa kujitolea walifanya kazi kwa miaka mingi bila malipo ya uhakika. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 kote nchini. Kila mmoja husimamia takriban familia 100 na hupewa mkoba wa vifaa, vikiwemo kipimajoto, mashine za kupima shinikizo la damu na sukari, na mizani. Marupurupu yalipangwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti.

Kiasi hicho si mshahara. Lakini jina la mhamasishaji liko kwenye orodha, eneo lake linajulikana, na anaweza kurudi nyumba zile zile mwezi baada ya mwezi. Kwa polio jambo hilo ni la msingi, kwani yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba kuna familia imehamia, kuna mtoto amezaliwa, au kuna mtoto amelegea mguu ghafla.

Nafasi ya mzazi na jirani

Dalili hiyo ya mwisho haifai kusubiriwa. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla mkono au mguu anapaswa kuripotiwa mara moja kwa mhamasishaji au kituo cha afya. Sampuli mbili za kinyesi huchukuliwa kwa tofauti ya angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu dalili kuanza, na kupelekwa kwenye maabara ya KEMRI jijini Nairobi. Zikichelewa, ushahidi hupotea na virusi huendelea kusambaa kimya kimya.

Chanjo za kawaida za polio hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma: mtoto anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14. Katika wiki ya 14 huongezewa sindano ya polio. Matone ya kampeni ni nyongeza ya ratiba hiyo, na hata mtoto aliyekamilisha chanjo zote huruhusiwa kuyapokea.

Familia inayohama iondoke na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Nyumba ambayo watoto walikuwa malishoni au madrasa wakati wa kampeni imwambie mhamasishaji ili arudi jioni. Na jirani anayejua kuna nyumba iliyorukwa aseme. Kwa mtu aliyetembea tangu asubuhi na kijisanduku begani, mlango unaofunguliwa na idadi ya watoto inayotajwa kwa ukweli ni shukrani tosha, na ndiyo inayomkinga mtoto.