Stima ya Eastlands: Kampuni ni ya Nani?

Transfoma ikilipuka Umoja au Kayole, lawama huelekezwa kwa "serikali". Ni kweli nusu tu. Serikali ya kitaifa ina asilimia 50.1 ya hisa za Kenya Power. Zilizobaki ni za wawekezaji wanaoziuza na kuzinunua katika Soko la Hisa la Nairobi.

Kampuni yenyewe ilianza mikononi mwa watu binafsi. Mwaka wa 1922, kampuni za stima za Mombasa na Nairobi ziliungana kuwa East African Power and Lighting. Mwaka wa 1954 iliundwa kampuni nyingine, Kenya Power Company, ya kuleta umeme wa bwawa la Owen Falls, Uganda. Umeme huo ulipitia laini ya Tororo hadi kituo cha Juja Road, hapa hapa Eastlands.

Jina la KPLC lilikuja 1983. Mwaka wa 1997 uzalishaji ulitengwa, ndiyo KenGen ya leo, na 2008 KETRACO ikaundwa kujenga laini kubwa. Kenya Power ikabaki kusambaza na kuuza. Kwa hivyo pesa za tokeni hazibaki zote kwake: nyingine huwalipa wazalishaji, nyingine ni kodi na tozo. Bei huidhinishwa na EPRA.

Transfoma ni mali ya kampuni. Mkazi anayeombwa mchango wa kuitengeneza asitoe. Apige 97771 na adai nambari ya ripoti. Asiposaidiwa, apeleke malalamiko EPRA, akiwa na nambari hiyo.