Kiyoyozi cha Mzazi Garissa: Zawadi Inayotaka Kutunzwa

Mkaazi wa Pumwani, Kaloleni, Buruburu au Umoja hana haja kubwa ya kiyoyozi. Nairobi imekaa juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hata katika Februari mchana wake wa kawaida haupiti sana nyuzi 27. Dirisha likifunguliwa baada ya Alasiri na feni ikawashwa, nyumba hutulia. Lakini moyo wa aila nyingi za Eastlands haukai Nairobi peke yake. Yuko mzazi Garissa, dada aliyeolewa Wajir, kaka anayefanya biashara Mombasa, binti aliyekwenda kutafuta riziki Uarabuni. Huko kote joto ni jambo jingine.

Garissa iko yapata kilomita 370 kutoka Nairobi, na mji umekaa chini, mita 150 hivi tu juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 35 huko si habari. Kwa kijana mwenye afya hiyo ni taabu ya kuvumilika. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari, kwa mama aliyejifungua na kwa mtoto mchanga, joto lisilopungua usiku kucha ni hatari ya kweli. Ramadhani nayo imesogea ikaingia katika miezi hiyo hiyo ya jua kali: ile ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi.

Kwa hivyo watoto huchanga. Kiyoyozi hununuliwa Eastleigh, mtaa uliogeuka soko kubwa tangu Garissa Lodge ilipofanywa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha hupakiwa basi la Garissa. Fundi hukifunga ukutani, mama hupewa rimoti, dua husomwa, na watoto huhisi wametimiza wajibu. Utunzaji ndio unaosahauliwa. Baada ya kiangazi kimoja au viwili mashine hiyo huvuma bila kupoza, na mzazi hurudi kulala uani.

Inavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kubeba joto la chumbani na kulitupa nje. Mtambo wa ndani huvuta hewa ya chumba na kuipitisha juu ya mabomba yenye gesi baridi. Gesi hunywa lile joto, husukumwa na kompresa hadi mtambo wa nje, na huko feni hulipuliza likaenda zake. Mhandisi Mmarekani Willis Carrier aliubuni mfumo wa namna hii mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako unyevu wa hewa ulikuwa ukiharibu karatasi. Ndiyo maana kiyoyozi hupunguza joto na hukausha hewa pia.

Tusikichanganye na kile kipoza-hewa cha kutia maji, chenye feni na pedi zilizolowa. Hicho ni ndugu wa mtungi wa bibi zetu: mtungi wa udongo huvuja kidogo, maji yanapokauka juu ya ngozi yake huondoka na joto, na yaliyobaki ndani huwa baridi. Chombo hicho ni rahisi na hutumia stima kidogo, lakini hufaa pale hewa ilipo kavu tu. Mombasa au Lamu, ambako hewa tayari imejaa unyevu, humwongezea mtu jasho.

Vumbi, na moshi wa udi

Adui wa kwanza wa kiyoyozi katika nchi kavu ni vumbi. Nyuma ya kifuniko cha mtambo wa ndani mna vichujio vya wavu, na kwa kawaida huchomolewa kwa mkono bila kifaa chochote. Vikiziba, hewa haipiti, mabomba ya ndani hupata baridi kupita kiasi na kushika barafu, na mashine hula stima bure. Mama akiona barafu au matone mahali pasipo pake, aizime kwanza, kisha atazame vichujio.

Katika majira ya vumbi vichujio vioshwe kila baada ya wiki mbili. Zima mashine kwenye swichi ya ukutani, usitegemee rimoti pekee. Vitoe, vikung'ute nje, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha vianike kivulini hadi vikauke kabisa. Jua kali huvipinda, na vikirudishwa vibichi huleta ukungu na harufu mbaya.

Liko jambo moja linalohusu nyumba zetu hasa. Udi na ubani ni uzuri wa nyumba, lakini moshi wake una mafuta yanayonata. Chetezo kikifukizwa chini ya kiyoyozi kinachofanya kazi, mashine huvuta moshi ule, vumbi hushikana nao, na utando huo hautoki kwa maji matupu. Fukiza kiyoyozi kikiwa kimezimwa na dirisha li wazi. Harufu ikishakaa katika nguo na mapazia, funga uwashe. Na jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Viyoyozi vingi vya nyumbani haviingizi hewa mpya, huzungusha ile ile, na hewa ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu.

Mtambo wa nje, na yale maji

Mtambo wa nje wataka nafasi ya kupumua. Wako wanaoujengea kibanda cha mabati ili kuukinga na jua, kumbe wamelifungia joto lile lile ulilokuwa ukilitupa. Kivuli ni kizuri, iwapo pande zake zi wazi. Usitundikiwe nguo wala kurundikiwa magunia. Baada ya dhoruba za vumbi, stima ikiwa imezimwa, uoshwe kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, maana zile mbavu zake nyembamba hulala zikipigwa. Ukiwa juu ya ukuta au paa, kazi hiyo mwachie fundi.

Maji yanayotoka kwenye bomba dogo ni unyevu wa hewa uliogeuka maji. Bomba likiziba kwa uchafu, maji hurudi ndani na kuteremka ukutani. Kulizibua mara moja kila baada ya miezi michache huokoa rangi ya nyumba. Akina mama wengi huuliza kama maji hayo yanafaa kutawadhia. Maulamaa wa zama hizi waliolizungumza jambo hili huyahesabu kuwa ni maji tohara, madamu hayakuchanganyika na kitu kilichoyabadilisha rangi, ladha au harufu. Mwenye shaka na amuulize imamu wa msikiti wake. Yanafaa pia kumwagilia mimea na kupigia deki. Kuyanywa, hapana, kwani yamepita juu ya vyuma na vumbi.

Fundi na gesi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari; imo ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine isiyovuja yaweza kukaa miaka mingi bila kuongezwa. Basi fundi anayekuja kila mwaka kusema gesi imekwisha, akaongeza na kuondoka, hajatengeneza kitu. Mwulizeni inavujia wapi, aonyeshe, azibe, atoe hewa yote mabombani kwa pampu, ndipo ajaze.

Atazameni pia kibandiko cha mashine kabla ya kununua, khasa iliyokwisha kutumika. Gesi ya R-22 inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zimewekewa mwaka 2030 kuwa ukomo wake. Mashine ya R-22 inayouzwa rahisi leo itakuja kuwa ghali kesho kwa kukosa gesi. R-32 iliyo katika mashine nyingi mpya haidhuru ozoni, lakini yaweza kushika moto. Isijazwe na mtu anayebahatisha, wala asivute sigara anapoifungua.

Na suala la stara lisidharauliwe. Fundi huingia hadi chumba cha kulala. Miadi na ipangwe siku ambayo baba, kaka au mtoto wa kiume mkubwa yupo nyumbani, na chumba kitayarishwe mapema. Mtoto aliye Nairobi ndiye afaaye kumpigia fundi simu, kuelewana naye bei na kumlipa, ili mzazi asibaki peke yake akijadiliana juu ya kitu asichokijua.

Stima, na israfu

Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, cha BTU 12,000, hutumia kiasi cha kilowati moja kompresa inapofanya kazi. Saa nane za usiku zaweza kufika yuniti nane, ilhali feni ya wati 60 kwa saa hizo hizo haifiki hata nusu yuniti. Mzazi anayeona tokeni zinavyoyeyuka huamua kuizima na kustahimili joto kimya kimya, bila kuwaambia watoto. Anayetuma kiyoyozi basi na atume na stima yake.

Israfu imekatazwa katika Suratul Aaraf, aya ya 31, na hapa njia za kuiepuka ni nyepesi. Kuweka nyuzi 16 hakukiharakishi chumba kupoa, bali mashine haipumziki. Nyuzi 25 au 26 pamoja na feni taratibu zatosha. Mapazia mazito yafungwe tangu asubuhi, nyufa za mlango zizibwe, na chumba kimoja kipozwe aila ikilala humo, badala ya vitatu. Pale stima inapokatika na kurudi kwa kishindo, nunueni kifaa cha kuilinda kinachongoja dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha, kwani kuwaka na kuzima kwa ghafla huua kompresa.

Tukimpigia mzazi simu, baada ya salamu na kuulizana hali, tumuulize vichujio vimeoshwa lini. Mjukuu mmoja wa huko apewe kazi hiyo, Ijumaa moja aoshe, Ijumaa ya pili apumzike, na amsaidie bibi yake kabla ya kwenda msikitini. Ni kazi ya nusu saa, na ni sehemu ya kuwafanyia wazazi ihsani. Wabillahi tawfiq.