Ajenti Anayeshika Simu Mwezi wa Tano

Katika makundi ya WhatsApp ya Wakenya wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Saudia, swali moja halichoki kurudi: ajenti huyu ni mzuri? Majibu hayakawii. Mmoja atasema visa yake ilitoka kwa wiki tatu na hakulipa hata shilingi. Mwingine atasema ofisi hiyo ikimbiwe. Wa tatu ataomba namba ya simu ya aliyeuliza, kisha ibainike kuwa yeye mwenyewe ni broka. Msichana wa Busia au Kilifi huamua miaka miwili ya maisha yake kwa ushahidi wa namna hiyo, kwa sababu hana mwingine.

Je, angefaidika kama ushahidi huo ungekusanywa mahali pamoja, wafanyakazi wenyewe wakawapa maajenti alama hadharani? Naamini angefaidika sana, lakini si kwa nyota tano zile tunazopimia hoteli na teksi.

Tazama pesa zinavyokwenda. Familia ya Riyadh inayotaka mfanyakazi wa nyumbani huagiza kupitia Musaned, jukwaa la serikali ya Saudi Arabia, na kuilipa ofisi ya huko. Ofisi hiyo humlipa ajenti wa Nairobi kwa kila mtu anayempeleka, naye ajenti humkatia broka fungu lake. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba mfanyakazi asitozwe ada, na ni kanuni ya haki. Lakini anayelipa ndiye mteja, na hapa mfanyakazi siye. Mgeni aliyelala hoteli chafu akilalamika, hoteli hupoteza mapato. Mfanyakazi akilalamika, ajenti hapotezi kitu maadamu foleni ya wasio na kazi bado imejaa mlangoni pake.

Halafu kuna siku 90. Huo ndio muda wa majaribio, na ndani yake mwajiri anaweza kumrudisha mfanyakazi na kudai mwingine au kudai fedha zake. Kwa hiyo katika miezi hiyo mitatu ajenti hupatikana kwa urahisi, mara nyingi ili kumsihi msichana avumilie. Muda ukiisha, ajenti hana tena cha kurudisha. Simu huita hadi ikate. Mishahara iliyokwama, chakula kinachopimwa, kazi ya nyumba mbili kwa ujira wa moja: mengi ya haya huiva baada ya hapo. Sifa aliyoandikiwa ajenti katika wiki ya kwanza, pengine uwanja wa ndege na begi likiwa mkononi, inapima kasi ya visa tu.

Ndiyo maana swali lenyewe libadilike. Mwaka 2008 nchini Marekani kulizaliwa Turkopticon, chombo cha wafanyakazi wa vibarua vya mtandaoni vya Amazon Mechanical Turk kuwapima wanaowapa kazi. Hakikuwauliza kama wamefurahi. Kiliuliza mambo manne: anajibu akiandikiwa? analipa vizuri? analipa kwa wakati? ana haki anapokataa kazi iliyokwisha kufanywa? Kwa msichana wa Saudia maswali yangekuwa haya: ulimlipa nani, kiasi gani, na risiti iko wapi? Mkataba uliusoma lini, siku kadhaa kabla au uwanja wa ndege wa JKIA saa mbili kabla ya ndege? Nyumba uliyoikuta ndiyo iliyoandikwa? Pasipoti anayo nani? Na lile ninaloliweka juu ya yote: mwezi wa tano tangu ufike, ulipopiga simu, nani alishika, na alifanya nini?

Mbegu ya jambo hili ipo. Contratados, ya wafanyakazi wa Mexico wanaokwenda Marekani, ilianza 2014 na ilikubali maoni hata kwa simu. Hilo ni la maana kwetu, kwa kuwa wengi watasema kwa sauti yale wasiyoweza kuyaandika. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi, ITUC, lilizindua jukwaa la kupima mawakala wa ajira za nje. Nafurahi kwamba ni la vyama. Orodha ya namna hii ikiachwa mikononi mwa mfanyabiashara, ajenti atanunua nafasi ya juu, na sifa za uongo zitaandikwa kwa kundi.

Jina la ofisi nalo si kitu cha kutegemea. Kenya ilifuta leseni za maajenti 930 mwaka 2014, na kampuni iliyofungwa inaweza kuzaliwa upya kwa jina lingine, kwa wakurugenzi wale wale. Alama ziandikwe kwenye namba ya leseni na zimfuate mkurugenzi. Broka naye awemo, maana wasichana wengi hawamjui ajenti kabisa. Wanamjua mama fulani wa mtaani aliyewapiga picha za pasipoti.

Kinachonisumbua zaidi ni kimya. Aliyenyang'anywa simu, ambaye neno lake ndilo tunalolihitaji kuliko yote, hatatoa alama. Orodha itajaa sauti za waliokuwa na simu na usalama wa kuongea. Dawa yake, naona, ni kuhesabu kimya chenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi, kwa hiyo idadi ya waliosafirishwa na kila ajenti inaweza kujulikana. Iandikwe kando ya idadi ya waliosikika. Ajenti aliyepeleka watu 200 na waliosikika ni 6, wote wakimsifu, ana maswali ya kujibu mbele ya anayempa leseni. Na aliye bado ndani ya nyumba ya mtu alindwe: jina lake lisionekane, na neno lake licheleweshwe hadi isijulikane limetoka mlango gani.

Maajenti waaminifu wapo, na leo wanaonekana sawa na matapeli. Hawana namna ya kuonyesha kwamba mfanyakazi wao aliponyimwa mshahara mwezi wa saba wa mkataba, walishika simu usiku, wakaibana ofisi ya Riyadh hadi mtu akatumwa kwenye mlango wa mwajiri. Msichana anayeuliza leo usiku kwenye kundi la WhatsApp anastahili kulisikia hilo kutoka kwa aliyefunguliwa mlango, kabla hajampa broka pasipoti yake.