Kijiwe cha Drafti na Kibanda cha Gemu

Kijiwe huanza na wachezaji wawili, kisha hukuzwa na watazamaji. Katika mji wa njia panda kama Dumila, wilayani Kilosa, kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma, ubao wa drafti unatosha: kete ni vizibo vya soda, vya huyu vimelala chali, vya yule kifudifudi. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, linadai zaidi. Chipukizi hujifunza kwa kusimama pembeni na kuhesabu kwa macho. Kwenye kibanda cha PlayStation, anayefungwa humwachia pedi anayesubiri. Zamu hiyo ndiyo hasa inayozaa undugu, maana mshindi hucheza na kila ajaye, hata asiyemjua jina.