Ndege wa Gramu 11

Jumamosi moja ya Januari tulikwenda Picnic Point, rasi nyembamba inayoingia Ziwa Mendota hapa Madison. Tulikuwa watatu na kamera moja ya kuazima. Tulitaka picha ya jalada la toleo hili: chickadee, yule ndege mdogo mwenye kichwa cheusi, akiwa kwenye theluji.

Nusu saa ya kwanza tulimkimbiza. Akihamia mti mwingine, nasi tunamfuata. Tulipata picha za mkia tu, na theluji ya rangi ya majivu. Hilo la rangi lilikuwa jepesi: kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza. Tukaongeza mwanga kwa hatua moja, +1, na kasi tukaiweka 1/1000 ya sekunde. Theluji ikarudi kuwa nyeupe.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Chickadee ana uzito wa gramu 11 hivi. Mchana hula ili apate mafuta ya kumvusha usiku, na usiku wa baridi kali hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi kama 10 za Selsiasi ili akiba isiishe. Kila tulipomrusha tulikuwa tunamnyang'anya chakula cha usiku. Naye alitwambia! Akiona hatari huongeza "dii" mwishoni mwa mlio wake: chika-dii-dii-dii-dii. Sisi tunaojivunia lugha mbili hatukumsikia.

Basi tukakaa juu ya gogo, jua likiwa mgongoni, tukanyamaza. Betri ya akiba ilikuwa ndani ya koti, maana baridi huimaliza upesi. Baada ya dakika 40 akaja mwenyewe, akatua karibu, manyoya yamefura hadi amekuwa mviringo kama mpira. Tukapiga picha tatu, tukaondoka. Kamera tuliifunga ndani ya mfuko kabla ya kuingia ndani, isishike unyevu.

Tulimtumia picha bibi wa mmoja wetu, aliyeko Mombasa. Hakusema lolote kuhusu mwanga. Aliuliza tu: "Maskini! Na usiku hulala wapi, wajukuu zangu?"

"Kwenye tundu la mti, Bibi."

"Haya basi, mwacheni alale."