Mbegu Bora Haiokotwi Chini ya Mti

Ndugu wafanyakazi wa Rumonge, twajua sote kwamba mchikichi wa tenera hutoa mawese mengi. Siri yake ilielezwa mwaka 1941 na watafiti wa Yangambi, Kongo: dura, yenye kokwa la ganda nene, ikizalishwa na pisifera isiyo na ganda, huzaa tenera yenye ganda jembamba. Lakini tenera kwa tenera zikizaana, robo ya miche huwa dura, na robo pisifera, ambayo mara nyingi haikomazi matunda. Basi mbegu hutoka kwa mtaalamu.

Kwa hiyo twadai: ISABU, Chuo Kikuu cha Burundi na wenye viwanda wakikaa kupanga mbegu na mashine, mkata mikungu na mkamuaji nao waketi. Mche mbaya ukipandwa, jasho linalopotea ni letu.